BANGI: LESENI YA NANI, JELA YA NANI?

Ndugu wafanyakazi,

Kila mara Wamarekani wanapopiga kura juu ya bangi, maneno yanafika mpaka Kamembe. Mmoja anasema: "Marekani yote sasa wanavuta kwa ruhusa ya sheria, ni sisi tu tuliobaki nyuma." Mwingine anajibu: "Ndiyo maana dunia imeharibika." Mabishano haya yanasikika sokoni, ndani ya gari la kwenda Bugarama, na hata kwenye foleni ya kupima chai. Wote wawili wanakosea jambo moja. Marekani haijakubaliana. Kuna majimbo yaliyokubali, na kuna majimbo yaliyokataa mara mbili na mara tatu. Ugomvi wao una mafunzo kwetu sisi tunaoishi mpakani na kula kwa jasho.

Chama cha wafanyakazi si msikiti wala kanisa. Kazi yake ni kuuliza juu ya kila sheria: je, inamgusaje mfanyakazi? Twaona kwamba sheria ya bangi, iwe ya kuruhusu au ya kukataza, imezoea kumpa tajiri leseni na kumpa mnyonge jela. Mpaka jambo hilo lirekebishwe, mfanyakazi asikimbilie kushangilia upande wowote.

MAREKANI SI MOJA

Tuanze na ukweli wa mambo. Sheria ya nchi nzima ya Marekani ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika fungu la dawa mbaya kuliko zote. Lakini kila jimbo lina bunge lake na sheria zake. Mwaka 2012 wananchi wa Colorado na Washington walipiga kura ya kuruhusu mtu mzima kununua na kuvuta. Majimbo mengine yakafuata, hata ikafika mwisho wa mwaka 2024 majimbo 24 kati ya 50 yalikuwa yamekubali. Ukihesabu vizuri utaona kwamba zaidi ya nusu yalikuwa hayajakubali.

Waliokataa wengi wako kusini na katika nyanda za katikati, nchi za wakulima na wafugaji. North Dakota waliulizwa mwaka 2018, wakakataa. Wakaulizwa tena mwaka 2022 na mwaka 2024, wakakataa. Jirani zao wa South Dakota walikubali mwaka 2020, mahakama ikaifuta kura hiyo, na walipoulizwa tena mwaka 2022 na 2024 wakakataa wenyewe. Arkansas walikataa mwaka 2022, na Oklahoma mwaka 2023, ingawa Oklahoma walikuwa wameruhusu bangi ya matibabu tangu mwaka 2018. Florida mwaka 2024 karibu watu 56 katika kila 100 walisema ndiyo, lakini katiba ya jimbo hilo inataka 60, basi pendekezo likaanguka.

Hata ndani ya majimbo yaliyokubali hakuna umoja. California iliruhusu kwa kura ya mwaka 2016, lakini miji na wilaya nyingi za jimbo hilo hilo zilikataza maduka ya bangi katika ardhi yao. Mtu anaweza kuendesha gari saa nzima akapita mji unaouza, mji unaokataza, na mji unaouza tena.

JIRANI ANAPOLALAMIKA

Kuna kesi moja ambayo mtu wa Kamembe ataielewa upesi. Mwezi Desemba 2014 majimbo ya Nebraska na Oklahoma yaliishtaki Colorado mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani. Walidai hivi: wewe Colorado umefungua maduka, lakini bangi haisimami mpakani kwako. Inavuka kuja kwetu, na sisi ndio tunaolipa polisi, mahakimu na magereza. Mwezi Machi 2016 Mahakama Kuu ilikataa kuisikiliza kesi hiyo. Kila jimbo likabaki na sheria yake, na mzigo wa mpaka ukabaki kwa wanaoishi mpakani.

Sisi hatuhitaji kufundishwa maana yake. Mto Rusizi ni mwembamba. Upande huu ni Kamembe, upande ule ni Bukavu, na ukishuka Bugarama unakutana na Kongo na Burundi kwa pamoja. Serikali ya nchi moja ikibadilisha sheria ya kitu chochote, iwe sukari, mafuta, kitenge au bangi, watu wa kwanza kulipa ni wavuka mpaka: wanawake wenye vikapu, vijana wa mizigo, waendesha pikipiki. Wakubwa wa mali hawavuki kwa miguu. Wao hutuma.

Kwa hiyo wanaosema "tuwaige Marekani" wakumbuke kwamba hata Marekani, nchi moja yenye bendera moja na fedha moja, imeshindwa kuzuia bangi isivuke kutoka jimbo hadi jimbo. Je, sisi wenye nchi tatu, fedha tatu na polisi wa namna tatu?

WANAOKATAA NAO TUWAPIME

Lakini tusimkubali kila anayepinga eti kwa kuwa anapinga. Historia inaonyesha kwamba mara nyingi marufuku ya bangi iliwekwa kwa ajili ya kumdhibiti mfanyakazi.

Tazameni Natal, Afrika Kusini. Mwaka 1870 serikali ya kikoloni iliwakataza vibarua wa Kihindi waliofungwa kwa mikataba kuvuta au kumiliki bangi. Mabwana wa mashamba ya miwa walihofia nini? Walihofia kwamba kibarua hatakata miwa ya kutosha. Siku ndefu ya kazi haikuwahuzunisha, wala chakula kibovu, wala fimbo.

Tazameni pia El Paso, mji wa Texas uliokaa kwenye mto kama Kamembe, ukitazamana na mji wa Mexico ng'ambo. Mji huo ulipiga bangi marufuku mwaka 1915, wakati vibarua wa Kimexico walipokuwa wakivuka kutafuta kazi na kukimbia vita. Marufuku hiyo ilimpa askari sababu moja zaidi ya kumsimamisha kibarua na kumpekua mifuko. Na mtindo huo haukuisha. Chama cha kutetea haki za raia cha Marekani, ACLU, kilichapa taarifa mwaka 2020 ikionyesha kwamba mtu mweusi hukamatwa kwa kosa la bangi zaidi ya mara tatu kuliko mzungu, ingawa wote wawili huvuta karibu sawasawa.

Basi mtu akituambia bangi ikatazwe, tumuulize: unakataza kwa kumwonea huruma mwanangu, au unatafuta sababu ya kunipekua mimi? Kwani yapo pia majibu ya haki. Mama wa North Dakota anayesema hataki duka karibu na shule anasema jambo tunaloweza kulielewa. Dereva anayehofia kukutana barabarani na mwenzake aliyelewa anasema kweli. Na mfanyakazi wa mashine anajua kwamba ukanda unaozunguka haumsubiri mtu aliyesinzia. Hayo ni majibu ya watu wa kazi.

ALIYESAHAULIWA NA PANDE ZOTE MBILI

Katika kelele za ndiyo na hapana, nani alimtaja anayelima, anayekata, anayesaga na anayefunga bangi hiyo? Karibu hakuna, mpaka vyama vya wafanyakazi viliposema.

Katika mji wa Holyoke, jimbo la Massachusetts, palikuwa na kiwanda cha bangi cha kampuni ya Trulieve. Mwezi Januari 2022 mfanyakazi mmoja kijana alikuwa akisaga bangi na kuijaza katika sigara. Vumbi lilimbana kifua, akaanguka kazini, akafariki. Mwaka 2023 wataalamu wa afya wa serikali ya Marekani waliandika kwamba alikufa kwa pumu iliyotokana na kazi yake. Mwaka uliofuata, kampuni hiyo hiyo ilitumia zaidi ya dola milioni 100 katika kampeni ya kutaka watu wa Florida waseme ndiyo. Wanaokula vumbi la chai, la saruji na la pumba za mpunga watafahamu hesabu hiyo bila mwalimu. Fedha za kununua kura zilipatikana. Je, za kuondoa vumbi?

Kuna jambo jingine. Colorado palikuwa na mfanyakazi wa simu aliyepooza viungo, naye alitumia bangi nyumbani kwake usiku kwa matibabu, kwa idhini ya sheria ya jimbo. Mwajiri alimpima, akamfukuza. Mwaka 2015 mahakama ya juu ya Colorado ikasema mwajiri hakukosea. Ndiyo kusema duka liliruhusiwa kuuza, serikali iliruhusiwa kutoza kodi, lakini mfanyakazi hakuruhusiwa kubaki na kibarua chake.

Na mwezi Julai 2025, huko Camarillo, California, askari wa uhamiaji wa serikali kuu walivamia shamba la bangi lenye leseni halali ya jimbo. Katika msako huo watu zaidi ya 300 walikamatwa, wengi wao vibarua wa kigeni. Mfanyakazi mmoja aliyepanda juu ya paa la banda la mimea alianguka akafa. Leseni ilimlinda mwenye shamba. Aliyepanda paa haikumlinda.

Tusiseme kwamba wenzetu walilala. Chama cha UFCW kimeandikisha maelfu ya wafanyakazi wa maduka na viwanda vya bangi. Majimbo ya California, New York na New Jersey yameweka sharti kwamba anayetaka leseni atie sahihi makubaliano ya kutozuia chama cha wafanyakazi kuingia. Lakini hata hapo kuna tundu: sheria kuu ya Marekani ya vyama, ya mwaka 1935, iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani. Anayefunga bangi kwenye pakiti analindwa, anayeichuma shambani amesahauliwa. Ndugu wachuma chai wa Shagasha na Gisakura, mnaisikia habari hiyo?

KWETU RWANDA

Sasa turudi nyumbani. Wengine wanadhani jambo hili halijatufikia. Limefika zamani. Mwezi Oktoba 2020 Baraza la Mawaziri lilikubali bangi ilimwe Rwanda kwa ajili ya dawa na kuuzwa nje. Mwezi Juni 2021 ikatoka amri ya Waziri wa Afya ya kupanga leseni na ulinzi: uzio, taa, kamera, minara ya walinzi. Musanze ndiko mahali panapotajwa kwa mashamba hayo. Serikali ilisema wazi tangu mwanzo kwamba kuvuta na kuuza mitaani kunabaki kosa.

Na ni kosa zito. Kwa sheria ya makosa na adhabu ya mwaka 2018, anayetumia anaweza kufungwa mwaka 1 hadi 2, au kupewa kazi za jamii. Bangi ikahesabiwa katika dawa kali sana, na kwa anayeilima bila ruhusa, anayeisafirisha au anayeiuza, adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha na faini ya faranga milioni 30.

Hatupingi dawa. Mgonjwa wa saratani anayepata nafuu ana haki ya nafuu hiyo, na mwezi Desemba 2020 hata Umoja wa Mataifa, kwa kura 27 dhidi ya 25, uliitoa bangi katika fungu la dawa zilizohesabiwa kuwa na hatari kubwa na faida ndogo. Wala hatupingi nchi kutafuta fedha za kigeni. Lakini tazameni mizani yenyewe. Mmea ule ule, ukiwa ndani ya uzio, ni mali ya mwekezaji mwenye leseni. Ukiwa ndani ya kikapu cha mwanamke aliyelipwa faranga chache avushe mzigo wa mtu, ni jela, pengine ya maisha. Mwenye mzigo yuko wapi siku ya hukumu? Hajulikani. Anayejulikana ni yule aliyekutwa amebeba.

Na ndani ya uzio nako, mfanyakazi atapata nini? Kiwango cha chini cha mshahara cha faranga 100 kwa siku kiliwekwa mwaka 1980. Miaka 40 baadaye, bangi ya dawa iliporuhusiwa, kiwango hicho kilikuwa hakijabadilishwa. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 ilisema waziri atatoa amri ya kuweka kingine. Zao linaloitwa la thamani kubwa likianza kwa mshahara wa chini, thamani hiyo ni ya nani?

Majirani nao wanahangaika. Uganda ilikuwa na kampuni ya kulima bangi ya dawa Kasese hata kabla yetu. Mwaka 2023 mahakama ya katiba ikafuta sheria yao ya dawa za kulevya kwa sababu wabunge hawakutimia siku ya kuipitisha, na bunge likalazimika kutunga nyingine. Kenya mwaka 2022 mgombea mmoja wa urais, George Wajackoyah, aliahidi kulipa deni la nchi kwa bangi. Watu walicheka, waliimba naye, halafu hakupata hata kura 1 katika kila 100. Mwananchi wa Afrika Mashariki si mjinga. Anajua kutofautisha kichekesho na shamba.

"LAKINI KURUHUSU KUNGEMTOA MNYONGE JELA"

Baadhi ya ndugu wanatuuliza: ikiwa mnamhurumia mbeba kikapu, kwa nini msiunge mkono kuruhusu kabisa? Ikiruhusiwa hakuna jela.

Hoja hii ni nzito na haifai kudharauliwa. Ni kweli kwamba katika majimbo yaliyoruhusu, idadi ya wanaokamatwa imeshuka sana. Lakini tuangalie nani aliingia katika biashara baada ya milango kufunguliwa. Waliingia wenye mitaji, mawakili na ardhi. Wengi waliofungwa zamani kwa mfuko mmoja walikosa fedha za leseni. Wakatoka jela wakatafuta kibarua kwa tajiri mpya, wakichuma mmea ule ule uliowafunga.

Pia si lazima kuchagua kati ya duka na jela. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima asifungwe kwa bangi anayoitumia faraghani, lakini haikufungua biashara. Kila nchi ina njia yake, wala hatusemi ile ndiyo yetu. Twasema tu kwamba njia zipo zaidi ya mbili.

Msimamo wetu ni huu: hatutaki maduka ya bangi Kamembe. Mtu anayebeba magunia tangu alfajiri, ambaye tayari anatafuta kitu cha kumfanya asisikie mgongo wake, hahitaji kuuziwa kitu hicho kwa bei rahisi zaidi. Anahitaji mzigo mwepesi na mshahara mzito. Kapita akiona vijana wake wanavuta ili wamalize lori, ajue kwamba lori ndilo lililozidi. Wala hatutaki marufuku inayomwacha mwenye mali akila na kumfunga mbebaji.

TUNAYODAI

Kwa hiyo twapendekeza mambo haya yajadiliwe katika mikutano ya matawi, viwandani na mashambani:

1. Kila shamba au kiwanda cha bangi ya dawa kiajiri kwa mkataba wa maandishi, katika lugha anayoielewa mfanyakazi, na chama kiruhusiwe kuingia kabla mavuno ya kwanza hayajatoka. Chama kikiingia baadaye kitakuta mambo yamekwisha kupangwa.

2. Vumbi lipimwe. Barakoa, hewa safi na uchunguzi wa kifua viwe sehemu ya masharti ya leseni, kama uzio na kamera zilivyo. Ikiwa kamera ya kumtazama mfanyakazi inawezekana, feni ya kumpa hewa nayo inawezekana.

3. Upekuzi ufanywe kwa heshima, wanawake wapekuliwe na wanawake, na jani likipotea asitupiwe lawama kibarua wa mwisho bila kusikilizwa mbele ya mjumbe wa wafanyakazi.

4. Mahakama zimtofautishe mbebaji na mwenye mzigo. Adhabu ya mtu aliyelipwa kuvusha kikapu isilingane na ya yule aliyekusanya, aliyefadhili na aliyefaidi. Polisi wasifunge jalada kabla ya kuuliza: mzigo huu ni wa nani?

5. Mfanyakazi anayetumia bangi aondolewe kwenye mashine siku hiyo hiyo, kwa usalama wake na wa wenzake. Hapo hatuna mjadala. Lakini hatua ya kwanza baada ya hapo iwe daktari, kabla ya barua ya kufukuzwa. Tunajua kisiwa cha Iwawa katika Ziwa Kivu, ambako vijana wamekuwa wakipelekwa tangu mwaka 2010. Matibabu karibu na nyumbani, mtu akiwa bado na kazi ya kurudia, yatatuliza familia nyingi zaidi.

Ndugu wafanyakazi, watu wa North Dakota waliulizwa mara tatu, na mara tatu walijibu. Wawe walijibu vizuri au vibaya, waliulizwa. Kwetu leseni zilipangwa na wakubwa, na sisi tulisikia redioni. Hilo ndilo la kurekebisha kwanza. Mjumbe wa kila tawi aandike maoni ya wenzake juu ya madai haya matano na kuyaleta katika mkutano wa chama. Asiyesema leo asije akalalamika kesho atakapokuta jina lake kwenye orodha ya vibarua, au jina la mwanawe kwenye orodha ya wafungwa.

Umoja ni nguvu!